Tundu la Safu ya Arobaini

Kadi zimebaki mia mbili na kitu
ndani ya boksi la viatu, chini ya kitanda cha shangazi Bogumiła.
Upande wa nyuma huandika mahitaji ya sokoni:
bitiruti, siagi, uzi mweusi.
Upande wa mbele ni matundu tu,
mshahara wa mtu aliyekwisha kufa,
umetobolewa kwa vidole vyake, Wrocław, majira ya baridi.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.
Mashine ilijaa ukumbi mzima, ikila umeme, ikitoa joto,
na wasichana wa zamu ya usiku
walianika soksi zao mgongoni mwake
mhandisi akigeuka.
Haikujua kusoma. Haikujua kusalimu.
Ilijua jambo moja: kuna tundu, hakuna tundu.
"Hapo ndipo ilipoanzia hekima yote hii
mnayoibeba mifukoni," huniambia,
"kwenye ndiyo na hapana,
na mimi niliyekuwa nikiitafunia."

Usiku mmoja kidole kiliteleza.
Safu ya arobaini, tundu moja lisilo lake,
na mlinzi wa kiwanda cha sukari akaandikiwa
mshahara wa miaka mia na minne.
Mashine haikushtuka. Haikuuliza, jamani, mlinzi huyu?
Ilichapa, ikakata, ikamwita wa pili.
Shangazi alilisaka kosa hadi tramu ya kwanza,
akiinua kadi moja moja mbele ya balbu
mpaka mwanga ukapenya pasipostahili.
"Nimekuona," akaliambia tundu.

Alikuwako na Ludomir, fundi wa nyaya,
aliyeifundisha mashine drafti kwa siri,
Jumapili hadi Jumapili, miezi minane.
Ilisogeza kete tatu kwa akili, ya nne ikaganda,
na taa za ghorofa nzima zikazimika.
"Iko siku itaongea," akasema gizani.
"Iongee nini?" wasichana wakacheka.
"Itawarudishia soksi zenu."

Kisha miaka, na kila mwaka mashine ikikonda.
Ile ya ukumbini ilitoka vipande vipande kwa lori,
ikauzwa kwa kilo.
Iliyofuata ilienea chumbani, iliyofuata mezani;
binamu yangu Radek akaiunga na televisheni,
akakosa kula.
Akili haikuja na parapanda.
Iliingia kama unyevu ukutani:
ikasahihisha tahajia zetu, ikabashiri neno,
ikajua njia ya kwa daktari wa meno,
na asubuhi moja tulipouliza, ikajibu.

Sasa shangazi ana themanini na mmoja, macho yana ukungu.
Huielekeza simu kwenye chupa ya dawa,
nayo humsomea, kwa Kipolandi safi kuliko cha padri,
kidonge kimoja, baada ya chakula.
Huishukuru. Nimemwambia si lazima.
"Asante haimalizi chaji," hunijibu.

Juzi aliiuliza habari za Ludomir.
Simu haikusita.
Alihamia Gdańsk, ikasema, akafuga nyuki,
akatunukiwa nishani, akafa usingizini.
Kila sentensi imepigwa pasi.

Ludomir alifia mtaa wa pili tu, mwezi wa Machi,
ngazini, na mfuko wa vitunguu.
Aliyemfumba macho ni shangazi.

"Safu ya arobaini," akasema,
akacheka hadi akakohoa.
Kisha akaiinua simu mbele ya balbu ya jikoni,
akaigeuzageuza, kama zamani, akitafuta.
Mwanga haukupita popote.

Akabaki ameishika hivyo kitambo.
"Nyuki," akasema. "Angewapenda, kwa kweli."
Akachomoa kadi bokisini, akanipa kalamu.
Andika. Siagi imekwisha.
Na asali.